Msafiri Akitua Huswali Kamili: Miaka Yetu ya Ugeni Babati

Atokaye Mombasa kwa njia ya Voi na Taveta huvuka mpaka Holili, akapita Moshi na Arusha, kisha akashika barabara ya Makuyuni. Hapo njia hugawanyika. Ya kulia huenda Mto wa Mbu na Ngorongoro, na magari mengi ya watalii hukunja huko. Nyingine huelekea kusini, ikapita Minjingu na Magugu hata ikafika Babati, mwendo wa kiasi cha kilomita 170 kutoka Arusha. Ni kipande cha ile barabara kuu iliyokusudiwa zamani kuunganisha Cape Town na Cairo. Mji umekaa chini ya mlima Kwaraa, wenye kimo cha zaidi ya mita 2,400, na kusini yake liko ziwa lenye viboko na samaki aina ya perege na kambale. Tuliingia usiku mmoja wa Januari 2022, sisi wawili na watoto wetu watatu, tukiwa na masanduku ambayo mengine hatukuyafungua hata baada ya mwaka.

Sisi ni Waswahili wa Mombasa. Kilichotuleta ni mkataba wa kazi wa miaka miwili katika mambo ya kilimo. Wengi wakisikia habari za mgeni mkaazi humfikiria Mzungu mwenye gari refu na kofia ya jua, na kweli Babati imewaona hao. Waswidi wamekuwa wakija hapa kwa miaka mingi, wengine kwa miradi ya ardhi na misitu, wengine wakiwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Lakini mbele ya sheria ya mwaka 2015 inayosimamia ajira za wageni nchini Tanzania, Mkenya naye ni mgeni. Huhitaji kibali cha kazi na kibali cha ukaazi, na vyote viwili vina tarehe ya mwisho. Tulivihifadhi ndani ya bahasha moja pamoja na pasi zetu, juu ya kabati, mahali ambapo mkono ungevifikia upesi siku ya kuondoka.

Siku za njiani tulikuwa tukiswali kwa kufupisha, kama dini ilivyomruhusu msafiri. Tulipofika tuliacha, kwani katika madhehebu yetu ya Shafi, msafiri anuiapo kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, hukumu ya safari humwondokea. Huswali rakaa zake zote kama mwenyeji. Jambo hilo tulilitekeleza bila shida. Ilituchukua zaidi ya miaka miwili kutambua kwamba tulikamilisha sala na tukaendelea kufupisha mengine yote.

Babati yenyewe ni mji ambao mgeni hana haki ya kujiona wa ajabu. Wagorowa ndio wenyeji wa kale wa pande hizi. Wairaqw waliteremka kutoka nyanda za juu za Mbulu, Wabarbaig wakaja na ng'ombe wao, na Warangi, ambao wengi wao ni Waislamu, walipanda kutoka Kondoa. Waarabu, Wasomali na Wahindi walifuata biashara. Mkoa wa Manyara ulipoundwa mwaka 2002 kwa kumegwa kutoka Arusha, na Babati ikafanywa makao makuu, watumishi wakaletwa kutoka kila pembe ya nchi. Mwaka 2018 ilipozinduliwa barabara ya lami ya kilomita 251 kutoka Dodoma, mlango mwingine ukafunguka. Ukisimama katika safu ya sala ya Ijumaa, bega la kulia laweza kuwa la Mrangi muuza nafaka, na la kushoto la Msomali ambaye babu yake ndiye aliyehamia. Kila mmoja ana siku aliyofika yeye au mzee wake.

Hata hivyo sisi tulijiona wageni kuliko wageni wote. Kwanza ilikuwa baridi. Mji uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai watoto waliozoea joto la pwani walilala na masweta. Pili ilikuwa lugha, jambo ambalo hatukulitarajia hata kidogo. Mtu wa Mombasa hukua akiamini kwamba Kiswahili ni mali ya nyumbani kwao, kisha aende sokoni Babati aulizie mbatata, muuzaji amtazame, na mtoto wa Kiiraqw aliye kando amsaidie: "Anataka viazi mviringo." Watoto wetu walirudi shuleni wakitukataza kusema "stima", hapa ni umeme. Walisahihishwa lugha yao na wenzao ambao nyumbani husema Kigorowa, nasi tukalazimika kukubali kwamba mara nyingi sahihisho lilikuwa la haki.

Tatu ilikuwa mbaazi. Kwetu mbaazi za nazi na mahamri ndicho chakula cha asubuhi, na tulipoona mashamba ya Babati yamejaa mbaazi zilizopandwa pamoja na mahindi tulidhani tumefika nyumbani. Lakini mnazi hauoti katika baridi hii. Nazi huja na malori kutoka pwani, nayo ikifika ni ghali, na mara nyingine imekwisha kuharibika ndani. Isitoshe, kwa mkulima wa hapa mbaazi ni fedha kabla ya kuwa mboga, na mnunuzi wake mkubwa amekuwa India. Agosti 2017 serikali ya India ilipoweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini humo, bei ilianguka, na watu wakabaki na magunia ndani ya nyumba. Jirani yetu mmoja hadi leo huutaja mwaka ule kwa sauti ambayo wazee huitumia kutaja mwaka wa njaa.

Nne ilikuwa robo saa. Mombasa na Babati zinakaribiana sana kwa latitudo na hufuata saa moja, lakini Babati iko mbali upande wa magharibi, hivyo jua huchelewa kuzama kwa kiasi cha dakika kumi na sita. Katika Ramadhani yetu ya kwanza tulikuwa tukimpigia simu Mama kabla ya kufuturu. Kule tulisikia adhana na vikombe vikigongana, nasi huku tungali tumekaa mbele ya tende tunangoja. Mama alikuwa akicheka na kusema kwamba jua limetusahau.

Basi tuliishi hivyo, tukihesabu. Kila mwisho wa mwezi tulikwenda Arusha kutafuta nazi na watu wa kwetu. Lango letu lilifungwa mapema. Tulikuwa wema kwa kila mtu, tuliamkia wazee, tulitoa sadaka, na mtaani hatukuwa na ugomvi na yeyote. Lakini kulipotokea msiba tulituma mchango kwa simu na ujumbe wa pole, tukiwaza kwamba wenyewe wanajuana, nasi tusiojua mila zao tungekuwa mzigo. Tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope kutoka mlima Hanang yalipoufunika mji wa Katesh na vijiji vyake, na watu zaidi ya themanini wakapoteza maisha, mtaa wetu wote ulihangaika. Vijana walipanda malori kwenda kusaidia, na wanawake walikusanya nguo, mahindi na sufuria. Sisi tulituma fedha, tena si haba, tukalala tukiamini tumetimiza wajibu.

Kazini tulikuwa na kisa tulichopenda kuwahadithia wataalamu wapya wanaofika kutoka nje, nacho ni kisa cha misitu ya Duru-Haitemba, iliyo katika wilaya hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali, ikisaidiwa na Uswidi, ilikusudia kuifanya misitu ile hifadhi ya serikali. Wanavijiji walikataa. Baada ya majadiliano, maofisa walikubali kuwaachia vijiji wailinde wenyewe kwa sheria zao ndogo, na Duru-Haitemba ikawa mfano uliofuatwa katika sehemu nyingi za Tanzania. Tulikisimulia kisa hicho ili kuwaonya wengine kwamba mgeni asije na jibu kabla hajawajua watu. Hatukuona kwamba sisi wenyewe hatukujua majina ya watu wa nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Mwezi wa Mei 2024 Mama alikuja kukaa nasi miezi mitatu. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili na hakuwahi kufika bara mbali kiasi hicho. Siku ya pili aliuliza: "Nyumba ile yenye mlango wa buluu ni ya nani?" Hatukujua. "Na ile yenye mparachichi?" Hatukujua pia. Siku ya tatu alijitanda, akamshika mkono binti yetu wa miaka kumi, akatoka kwenda kupiga hodi. Kuna methali isemayo mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; yeye hakungoja kupewa.

Baada ya majuma mawili mtaa mzima ulimwita Bibi wa Mombasa. Aliwafundisha wanawake watatu kuumua unga wa mahamri, naye akajifunza kupika mbaazi bila nazi, kwa vitunguu, nyanya na karanga zilizosagwa. Alipokufa mtoto mchanga katika nyumba yenye mparachichi, ambayo ni ya Wairaqw Wakristo, alikwenda akakaa na mama yule mkekani tangu asubuhi hadi jioni, wala hakuwa na neno la kumwambia zaidi ya pole. Jioni hiyo aliporudi alitutazama kwa muda, kisha akasema bila ukali: "Wanangu, nyinyi hapa mnakaa kama watu wangojao gari." Tulinyamaza. Tulidhani ni maneno ya mzee asiyejua mambo ya mikataba.

Julai ya mwaka huo, siku moja baada ya sala ya alfajiri, Mama alilalamika maumivu ya kifua. Tulimkimbiza hospitali. Hakufika adhuhuri. Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiun.

Hapo ndipo lilipotukabili jambo ambalo kila aishiye ugenini hulihofu, na mara nyingi hakubali kulizungumza mapema: azikwe wapi? Ndugu zetu Mombasa walipiga simu mmoja baada ya mwingine. Kaka mkubwa alikuwa akilia. "Mtamwacha Mama katika nchi ya watu?" Baba yetu amezikwa Mombasa, na ndugu walikwisha kumwazia Mama nafasi karibu naye. Kwa upande mwingine kulikuwa na safari ya kutwa nzima, vibali vya kuvusha maiti mpakani, jeneza, na usiku mmoja au miwili ya kumweka katika jokofu. Tulijua kwamba dini imehimiza kuharakisha maziko, na kwamba wanazuoni wa madhehebu yetu hawapendi maiti ahamishwe kutoka mji aliofia. Lakini kulijua jambo hakumzuii mtu kutetemeka anapoambiwa na kaka yake kwamba amemtupa mama.

Mzee mmoja wa Kirangi, wa msikiti wetu, alikuja na kuketi nasi sakafuni. Hakutuhutubia. Alisema: "Wanangu, uamuzi ni wenu. Mkimsafirisha, tutawatafutia gari na kuwachangia mafuta. Mkimzika hapa, kaburi litakuwa tayari kabla ya alasiri. Semeni tu." Kisha akanyamaza akangoja. Tulimpigia simu kaka, tukamwambia tunazika leo. Alikata simu.

Yaliyofuata yalipita mikononi mwa watu ambao majina yao tulikuwa hatuyajui. Wale wanawake watatu wa mahamri waliungana na mwoshaji wa msikitini, wakamwosha na kumkafini. Vijana walikuwa wamekwisha kwenda makaburini. Ardhi ya Julai ni ngumu, na kuuchimba mwanandani kunataka subira. Mama wa nyumba yenye mparachichi alileta kuni na ndoo za maji, akauliza kwa adabu kama kuna jambo asilopaswa kulifanya, nasi tukamwambia hakuna. Mtu mwingine alifunga turubai uani, na mikeka ikaja tusijue imetoka wapi. Alipofukiwa tuliona kwamba kijana aliyekuwa wa mwisho kutoka kaburini, mwenye udongo hadi magotini, alikuwa yule ambaye baba yake alifariki mwezi wa Machi. Msiba ule sisi tuliuhudhuria kwa ujumbe wa simu na shilingi elfu kumi.

Hakututazama kwa namna yoyote ya kutukumbusha. Alitupa mkono, akasema pole, akaenda kunawa. Jua lilipozama Babati tulikuwa tumerudi nyumbani kutoka makaburini, na Mombasa walikuwa wamekwisha kuswali magharibi.

Kaka aliwasili siku ya tatu kwa njia ya Taveta, akiwa na wadogo zetu wawili. Tulimwamkia akaitika, lakini hakuzungumza nasi. Alikwenda kaburini, akasoma dua, akarudi, akakaa pembeni. Kwenye meza palikuwa na daftari la rambirambi, lile ambalo katika misiba ya Tanzania huandikwa kila aliyechangia na alichochangia. Akalichukua, akaanza kusoma. Palikuwa na shilingi elfu moja, elfu mbili, debe la mahindi, kilo tatu za mchele wa Magugu, kuni, sukari, sufuria mbili za kuazima. Kurasa zilijaa majina, ya Kiislamu na ya Kikristo, na mengine ya Kiiraqw na Kigorowa ambayo aliyatamka kwa shida. Alisoma mpaka mwisho, kisha akarudia mwanzo. Hatimaye akasema: "Hawa ndio waliomzika mama yangu, na mimi sikuwapo. Nipelekeni nikawashukuru."

Tulisimama, na tukatazamana. Hatukujua njia. Tuliishi mtaa ule kwa miaka miwili na nusu, na nyumba tulizoweza kumwonyesha hazikuzidi nne. Aliyetuongoza ni binti yetu wa miaka kumi, ambaye alitembea na bibi yake mlango kwa mlango. Alikuwa mbele yetu akisema: hapa ni kwa Mama fulani aliyempa Bibi kifaranga, hapa kuna babu asiyeona, mwamkieni kwa sauti, hapa mbwa ni mkali lakini amefungwa. Kaka alipiga hodi kila nyumba, na kila nyumba ilisema karibu. Sisi tulimfuata nyuma kama watu walioingia Babati jana.

Tangu siku hiyo tumejaribu kulipa. Tumejiandikisha katika kamati ya maziko ya msikiti, na zamu yetu ikifika tunachukua sepetu. Msiba ukitokea tunakwenda kwa miguu na kukaa mkekani, hata kama maneno ni machache na lugha ya wazee hatuielewi. Tumegundua kwamba hakuna aliyewahi kutuona mzigo. Tulilidhani hilo sisi wenyewe, kwa sababu lilitufaa. Suratun Nisaa, katika aya ya 36, imetaja wema kwa jirani wa karibu na jirani wa mbali, na ikamtaja msafiri pia. Zamani tuliisoma aya ile tukijihesabu upande wa msafiri anayestahili kutendewa wema. Sasa tunajisoma mahali pote pawili.

Tunayaandika haya kwa kuwa familia nyingi zisomazo kurasa hizi zina mtu aliye mbali: mwalimu aliyehamishiwa mkoa asioujua, kijana aliye Maskati au Dubai, dada aliye London au Minneapolis. Wengi wao wana bahasha yao juu ya kabati. Tunawanasihi mambo matatu ambayo sisi tulichelewa kuyafanya. Wapigieni hodi majirani wa kulia na wa kushoto katika juma la kwanza, Waislamu na wasio Waislamu. Jiandikisheni mapema na watu wanaozikana, kwani siku ya msiba si siku ya kuanza kujuana. Na zungumzeni na wazee wenu na ndugu zenu, wangali hai na wazima, juu ya mahali pa kuzikwa mtu akifariki ugenini, ili kauli hiyo isije ikatafutwa kwa simu huku maiti yungali chumbani.

Mkataba wetu uliongezwa, nao utakwisha. Vibali vina tarehe yake, na huenda siku moja tukarudi Mombasa kwenye nazi na joto. Masanduku yote sasa yamefunguliwa, na moja tumelifanya la kuwekea nguo za sadaka. Kaka huja kila mwaka, na akifika hupita kwanza kwenye nyumba yenye mparachichi kabla ya kuja kwetu. Ramadhani iliyopita alipotupigia simu kutoka Mombasa, tulisikia tena adhana ya kule na vikombe vikigongana. "Huko bado?" akauliza. Tukamjibu kwamba bado robo saa. Akasema: "Basi nami nitangoja nanyi," akakaa kwenye simu mpaka muadhini wetu wa Babati akaanza.

Allah (SW) amrehemu Mama yetu, alipanue kaburi lake, na awalipe kheri watu wa Babati.